Deki Inagoma au Diski Ndiyo Mbovu? Chunguza Kabla ya Kununua Nyingine

Shemeji yangu alikuwa na deki iliyoanza kukataa diski moja moja, baadaye ikawa inazikataa kwa mafungu. Akachoka, akanunua mpya, tena ya kisasa inayosoma hadi Blu-ray. Usiku uleule akanipigia simu: deki mpya inakataa diski nyingi kuliko ya zamani. Nilipofika nikakuta katoni ya diski, robo tatu yake VCD, na kijitabu cha deki ambacho kwenye kurasa za mwisho kinasema wazi kwamba VCD haisomwi. Nikauliza iko wapi ile ya zamani. Watoto walikuwa wameshaifumua kwa bisibisi wakiitafuta taa nyekundu ya ndani. Kwa dalili alizonieleza, nina hakika ilikuwa na vumbi tu kwenye lenzi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue deki gani, namwambia aniletee kwanza diski zake.

Mkusanyiko wa zamani huwa ni mchanganyiko: VCD za enzi zile sinema moja ilipogawanywa diski mbili, DVD halisi za kiwandani, diski ya harusi aliyoirekodi mpiga video, na diski za kompyuta zenye filamu sita ndani yake. Kila aina ina namna yake ya kugoma. Anza na dalili unayoiona, ndipo ujue kama unahitaji deki nyingine, waya mwingine, au kitambaa safi tu.

Zigeuze kwanza

Chukua diski kumi hivi bila kuchagua, uziangalie upande wa kusomwa chini ya taa. Iliyochapwa kiwandani ni fedha tupu. Fedha yenye udhahabu hafifu kwa kawaida ni DVD ya tabaka mbili, yenye nafasi ya GB 8.5 badala ya 4.7. Yenye rangi ya zambarau ni DVD ya kurekodi. Yenye ukijani au ubuluu ni CD ya kurekodi, na VCD nyingi za kunakili zimo humo. Kisha tafuta nembo usoni: VIDEO CD, DVD VIDEO, DVD-R, DVD+R, RW, RAM.

Kama haina nembo, iweke kwenye kompyuta. Ukikuta folda ya VIDEO_TS, hiyo ni DVD ya kawaida. Ukikuta MPEGAV yenye faili za .DAT, hiyo ni VCD. Ukikuta AVI au MP4 zimelala tu, hiyo ni diski ya faili, na deki inahitaji uwezo wa ziada kuifungua. Hesabu una ngapi za kila aina, uandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Kisha tenga diski tatu za majaribio: DVD ya kiwandani isiyo na mikwaruzo, CD ya muziki ya kiwandani, na diski moja ya kurekodiwa. Majibu ya hizo tatu yatakuonyesha kosa lilipo vizuri kuliko saa nzima ya kubonyeza rimoti.

Inaandika NO DISC

Kama zote tatu zimekataliwa, sikiliza. Weka diski, funga trei, usogeze sikio. Deki nzima husikika ikifanya mambo matatu kwa mfululizo: kichwa cha kusomea kinarudi katikati, lenzi inapanda na kushuka ikitafuta umbali, kisha diski inaanza kuzunguka kwa kasi. Diski isipozunguka kabisa, shaka yako iwe kwanza kwenye lenzi, maana deki nyingi haziruhusu mota kuendelea mpaka lenzi ione kitu kinachong'aa. Diski ikizunguka, ikasimama, ikajaribu tena mara mbili tatu kisha ikakata tamaa, lenzi inaona kitu lakini haikisomi: vumbi, ukungu, au leza iliyochoka.

Vumbi ndilo la kawaida. Diski ya kusafishia, ile yenye vibrashi vidogo, huondoa vumbi jepesi. Haiondoi mafuta ya jikoni wala moshi wa sigara vilivyoganda. Kwa hayo kuna pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, kifuniko kikiwa kimefunguliwa na waya wa umeme umechomolewa. Lenzi imening'inia kwenye vijiwaya vyembamba kama unywele. Iguse kama unavyofuta jicho la mtoto mchanga. Usiguse saketi ya umeme, kwa kuwa kapasita zake huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Na usiiwashe deki ikiwa wazi ili uchungulie ile leza, haifai kuangaliwa kwa macho.

Deki ikitoka kwenye baridi na kuingizwa chumba chenye joto, umande hujikusanya kwenye lenzi. Iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha. Nimeona watu wakipeleka deki kwa fundi kwa sababu hiyo, na kufika kwake inafanya kazi, wakadhani fundi ana mkono wa baraka.

Inasoma DVD, inakataa CD na VCD

Au kinyume chake. Hapa watu wengi hubisha: "Lenzi si ni moja? Mbona inasoma nusu?" Lenzi inaweza kuwa moja, lakini nyuma yake leza huwa mbili. CD na VCD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD kwa mwanga wa nanomita 650. Njia ya data kwenye CD imeachana na mwenzake kwa mikromita 1.6, kwenye DVD ni mikromita 0.74, chini ya nusu. Kwa hiyo leza moja inaweza kufa na nyingine ikabaki salama. DVD zikisomwa zote na CD zikakataliwa zote, hata za muziki za kiwandani, leza ya CD imekwisha, na kusafisha hakutaisaidia. Fundi anaweza kubadilisha kichwa chote cha kusomea. Kwa deki ya kawaida gharama hiyo mara nyingi haina maana. Kwa deki nzuri ya zamani inayosoma kila kitu, mimi ningeifikiria.

CD za muziki zikisomwa lakini VCD zikakataliwa, leza haina kosa. Deki hiyo haikuundwa kusoma VCD. VCD ilikuja mwaka 1993, kabla ya DVD, na picha yake imebanwa kwa MPEG-1, nukta 352 kwa 288 katika mfumo wa PAL. Deki nyingi za DVD huijua, lakini si zote, na deki nyingi za Blu-ray zimeiacha. Blu-ray yenyewe hutumia leza ya tatu ya nanomita 405, na mtengenezaji anaweza kuweka leza zote tatu na bado programu ya ndani isijue VCD ni nini. Usimwamini muuzaji anayesema "hii inasoma zote". Tafuta neno VCD au Video CD kwenye boksi au kijitabu, na usipoliona, weka VCD yako mwenyewe humo.

Kuna kisa kingine cha deki kongwe kabisa. DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997, na baadhi ya deki za kizazi hicho zilikuwa na leza ya nanomita 650 peke yake. CD ya kiwandani zilisoma, kwa sababu alumini yake hurudisha mwanga wowote. CD ya kurekodi ina rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nanomita 780, na mbele ya leza ya DVD rangi hiyo ni giza. Ukipewa deki ya namna hiyo na VCD zako ni za kunakili, hakuna utakachokiona.

Za kiwandani sawa, za kurekodi zinagoma

Hapa ndipo penye vilio vingi, na sababu si moja.

Sababu ya kwanza ni diski kutofungwa. Rikoda ya DVD au kamera ya diski ikimaliza kurekodi huacha mlango wazi ili uendelee siku nyingine. Mpaka uamuru kufunga, kwenye menyu huandikwa "Finalize", deki nyingine hazitaiona diski hiyo au zitaiona tupu. Mara nyingi lazima uifunge kwenye mashine ileile iliyorekodi. Kama mashine hiyo imeshakufa, usiirekodi diski tena kwa lolote; ipeleke kwenye kompyuta yenye kisomeo cha DVD, ambako programu za kuokoa data mara nyingi huyaona yaliyomo.

Sababu ya pili ni mng'ao. Diski ya kurekodi hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na RW, ile inayofutika na kurekodiwa upya, hurudisha kidogo zaidi, takriban asilimia 18 hadi 30. Kiwango hicho kinafanana na cha DVD ya tabaka mbili, na deki za zamani zilikuwa zikiiona RW na kudhani ni diski ya tabaka mbili, kisha zinatafuta tabaka la pili ambalo halipo hadi zinachoka. Dalili yake ni diski kuzunguka muda mrefu sana kisha BAD DISC. Leza iliyoanza kuchoka huonyesha jambo hilohilo hata kwenye deki isiyo ya zamani: za kiwandani zinacheza, za kurekodi zinakataliwa moja baada ya nyingine. Huo ndio mpangilio wa kufa kwa leza, na deki ya shemeji yangu ilikuwa imeanza kuufuata, ila vumbi nalo huiga dalili hizohizo. Safisha kwanza, ndipo uihukumu.

Sababu ya tatu ni ile alama ya kujumlisha na kutoa. DVD-R na DVD+R ni viwango viwili vilivyoshindana; R ya kutoa ilitangulia, na deki za mwanzo zinaielewa zaidi. DVD+R ina ujanja wake: programu ya kurekodi inaweza kuiandika diski ijitambulishe kama DVD-ROM, na deki yenye kiburi ikadanganyika ikaisoma. Ukinakili diski kwa ajili ya deki kongwe, tumia DVD-R, rekodi kwa kasi ndogo kuliko ile ya mwisho iliyoandikwa kwenye boksi, na usibandike karatasi ya lebo juu yake. Karatasi hiyo ikiwekwa upande hata kwa milimita moja huyumbisha diski ikizunguka, na gundi yake ikikauka huinua ukingo.

DVD-RAM, nayo diski ya kurekodi, ni kabila lake. Kama unazo, tafuta nembo ya RAM kwenye deki. Bila hiyo usijisumbue. Vilevile diski ndogo za kamera, za sentimita 8, zinahitaji trei yenye duara dogo la ndani. Usiziingize kwenye mashine ya tundu lisilo na trei, kwa kuwa nyingi haziwezi kuzirudisha.

Inasema WRONG REGION

Diski na deki hazitoki eneo moja. Eneo la 1 ni Marekani na Kanada. La 2 ni Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini. La 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki pamoja na Korea Kusini. La 4 ni Australia, New Zealand na Amerika ya Kilatini. La 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. La 6 ni China. La 8 ni la ndege na meli. Angalia mgongo wa boksi la diski, kuna tufe dogo lenye namba, na mgongo wa deki una lake.

Mkusanyiko uliokusanywa kwa zawadi za ndugu walio ng'ambo karibu daima una maeneo matatu au manne. Tafuta deki iliyoandikwa kuwa inasoma maeneo yote. Zingine hufunguliwa kwa namba zinazobonyezwa kwenye rimoti trei ikiwa wazi, kila muundo na zake. Kisomeo cha kompyuta kinakuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, baada ya hapo kinabaki palepale. Usizimalize kwa majaribio. VCD hazina mambo ya maeneo kabisa. Na deki ya Blu-ray ina kufuli mbili zisizojuana, moja ya herufi A, B na C kwa Blu-ray, nyingine ya namba kwa DVD. Muuzaji akikwambia imefunguliwa, muulize ipi.

Picha nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kusimama

DVD zina mifumo miwili ya picha. PAL ina mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. NTSC ina mistari 480 na picha karibu 30. Deki nyingi husoma zote mbili, tatizo liko kwenye runinga. Runinga ya zamani ya PAL ikipewa NTSC hupoteza rangi, au picha huviringika kwenda juu kama pazia la dirishani. Kwenye menyu ya deki kuna sehemu ya TV System: ukiweka AUTO au MULTI deki hutoa kilichomo kwenye diski bila kukigusa, ukiweka PAL, deki yenye uwezo huo hugeuza NTSC iwe PAL. Kwa mwenye runinga ya chogo, uwezo huo ni wa lazima. Runinga bapa nyingi huzimeza zote mbili bila shida.

Lakini kabla ya kuingia kwenye menyu, angalia waya. Runinga nyingi zina tundu la kijani linalotumika pia kama la njano. Ukichomeka waya wa njano, ule wa picha, kwenye tundu la kijani na runinga ikadhani ni waya wa vipande vitatu (component), utapata picha safi kabisa isiyo na rangi. Badilisha chaguo la chanzo kwenye runinga, rangi itarudi.

Halafu kuna kitufe cha rimoti kilichoandikwa P-SCAN au PROGRESSIVE. Mtoto akikikanyaga, waya wa njano unaweza kunyamaza au kutoa mistari iliyovurugika, na nyumba nzima ikaamini deki imeungua. Kibonyeze tena, wakati mwingine mara kadhaa, kwa kituo. Kwenye HDMI jambo linalofanana ni deki kuwekwa kwenye ubora ambao runinga haiupokei: skrini nyeusi, sauti ipo au haipo. Chomeka waya wa njano kwa muda, ingia kwenye mipangilio, shusha hadi 576p au 480p, kisha rudi HDMI.

Picha inayofifia na kung'aa, inafifia na kung'aa kila baada ya sekunde chache, ina sababu moja ninayoishuku kuliko zote: umepitisha waya wa deki kwenye mashine ya kanda za video kabla ya kufika kwenye runinga. DVD za kiwandani zina kinga ya kuzuia kurekodiwa kwenye kanda, na hiyo ndiyo kazi yake inaifanya. Unganisha deki na runinga moja kwa moja.

Watu wamerefuka kama mianzi? Deki imewekwa 16:9 na runinga ni ya mraba. Weka 4:3 LETTERBOX. Wamenenepa wote? VCD na filamu za zamani ni 4:3, runinga bapa inazivuta. Rekebisha kwenye runinga.

Inaganda katikati ya sinema

Swali ni moja: inaganda palepale kila mara, au inahama?

Ikiganda palepale kwenye diski moja, kosa ni la diski. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ikaushe kwa kitambaa laini ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo unafuta maneno mengi mfululizo, ambapo mkwaruzo wa kukatiza huiacha deki ikisahihisha kilichokosekana. Dawa ya meno inayosifiwa hulainisha kidogo mikwaruzo midogo kwa kuwa inasugua plastiki. Hiyo ni ya diski uliyokwisha kuikatia tamaa.

Ikiganda palepale karibu na katikati ya filamu, na ikafanya hivyo kwenye DVD kadhaa zenye udhahabu, hapo deki inashindwa kuhama tabaka. DVD ya tabaka mbili husomwa tabaka la kwanza, kisha lenzi inabadilisha umbali wake na kuendelea la pili. Kusita kidogo mahali hapo ni kawaida. Kukwama kabisa ni leza au lenzi iliyochoka, na ni dalili nzuri ya kupimia deki ya mtumba.

Ikiganda mahali tofauti kila mara, angalia joto na reli. Iguse juu baada ya nusu saa. Ikiwa moto kama sufuria, ipe nafasi, usiweke king'amuzi juu yake. Ikikwama zaidi kuelekea mwisho wa filamu, grisi ya reli inayotembelewa na kichwa cha kusomea imekauka: DVD ya tabaka moja huanza kusomwa katikati ikielekea ukingoni, na kule mwisho ndiko reli hutumika kwa nadra. Fundi hupaka grisi mpya kwa dakika tano. Deki inayojizima na kujiwasha yenyewe, au herufi zake zinazopepesa, mara nyingi ina kapasita zilizovimba kwenye saketi ya umeme, na hizo hubadilishwa kwa urahisi.

Picha ipo, sauti haipo

Bonyeza AUDIO kwenye rimoti kwanza. Huenda diski iko kwenye wimbo wa DTS, aina mojawapo ya sauti ya kidijitali, na deki au runinga yako haiujui. DVD za namna hiyo kwa kawaida zina wimbo mwingine wa Dolby Digital au PCM hatua moja mbele. Kama sauti inapita kwenye waya wa kidijitali, ingia kwenye mipangilio uibadilishe kutoka BITSTREAM kwenda PCM, na runinga isiyojua kufumbua itaanza kusikia.

VCD ina kituko chake. Nyingi za karaoke huweka muziki mtupu upande mmoja na mwimbaji upande wa pili, na nyingine huweka lugha moja kila upande. Ukisikia mambo mawili kwa pamoja kama soko, au spika moja tu ikiimba, kitufe kilekile cha AUDIO, au L/R, kitachagua kushoto, kulia au zote. Rimoti za deki nyingi mpya zimepunguza vitufe, na hiki hukosekana. Kwa mwenye VCD mia mbili za karaoke, kukosekana kwake peke yake kunatosha kuiacha deki hiyo dukani.

Diski za faili

Deki iliyoandikwa DivX au Xvid husoma AVI za enzi zile. Haisomi MP4 wala MKV za H.264, namna mpya zaidi ya kubana picha, isipokuwa imesema hivyo, na faili ya ubora mkubwa itajibiwa kwa ujumbe kwamba haiungwi mkono. Maandishi ya tafsiri yakikosekana, hakikisha faili ya .srt ina jina sawasawa na la filamu. Ukitumia flashi, ipange kwa FAT32, kwa sababu deki nyingi hazioni mifumo mingine. Hiyo ina maana hakuna faili moja inayozidi GB 4.

Trei inang'ang'ania

Inanguruma, haitoki: mkanda mdogo wa mpira umelegea. Ukiipiga deki kofi ikafunguka, tayari umejua ni mkanda. Ni kitu kidogo, kazi ya dakika kumi kwa fundi.

Diski inayokufa

Ishike mbele ya balbu, uchungulie kupitia kwake. Nuru kama vichwa vya sindano ni mahali ambapo tabaka linalorudisha mwanga limekwisha kuondoka. Kwenye CD na VCD, data iko moja kwa moja chini ya lebo, ikifunikwa na rangi nyembamba tu, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa maandishi unaua, na hakuna kuosha kutakakosaidia. DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa na data iko katikati, kama siagi kati ya vipande vya mkate. Hiyo huvumilia mikwaruzo ya juu, ila huchukia kukunjwa. Ukiitoa kwenye boksi kwa kuivuta ukingo badala ya kubonyeza katikati, gundi huachia pembeni na doa la kahawia au mawingu huanza kuingia ndani.

Diski za kurekodi huzeeka kwa rangi yake kufifia, na jua la dirishani huziharakisha. Kama diski ya harusi inasomwa leo kwa kusuasua, ihamishie kwenye kompyuta leo. Visomeo vya kompyuta havifanani. Diski iliyokataliwa na kimoja nimeiona ikifunguka kwenye kingine mara nyingi, kwa hiyo jaribu viwili vitatu kabla ya kulia.

Ukishaamua kununua

Rudi kwenye karatasi yako. Zikiwa nyingi VCD na CD za kunakili, chagua deki ya kawaida ya DVD yenye VCD, CD-R na DivX, ikiwezekana ya mtumba iliyotunzwa, na uachane na Blu-ray. Zikiwa nyingi DVD za kiwandani kutoka nchi mbalimbali, kilicho muhimu ni kufunguliwa kwa maeneo na kugeuza NTSC. Ukiwa na SACD au DVD-Audio, diski za muziki wa ubora wa juu, unahitaji deki iliyotajwa kuzisoma kwa jina; ya kawaida itacheza tabaka la CD la SACD ikiwa lipo, basi. Runinga yako ikiwa haina HDMI, hakikisha deki ina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, kwa kuwa nyingi mpya zimeyaondoa. HDMI inayopandisha picha hadi 1080p husaidia DVD kidogo. VCD itabaki VCD, yenye miraba ileile kwenye nyuso za watu.

Nenda na diski zako tano: DVD yenye udhahabu, VCD ya kunakili, DVD-R ya zamani kuliko zote, diski ya eneo tofauti, na ile moja mbaya inayosumbua. Kwenye DVD yenye udhahabu usiridhike na menyu kufunguka. Ruka hadi sura ya katikati uiache icheze dakika chache ipite kuhama kwa tabaka, kisha ruka sura ya mwisho. Kwenye VCD bonyeza AUDIO usikie kama pande zinabadilika. Trei uifungue na kuifunga mara tano mfululizo. Ile diski mbaya iweke ya mwisho, deki ikiwa imeshapata joto. Ikiikubali pia, ichukue, pamoja na rimoti yake yenyewe. Rimoti ya kuazima huwa haina kitufe cha SETUP.